Tangi Tupu Nalo Hulishwa

Leo tena. Mtu kaleta picha: tangi jipya, vioo vinang'aa, ngome ya plastiki katikati, na samaki 12 wamejipanga juu kabisa ya maji midomo wazi. Chini yake kaandika, "Mbona wanapenda kukaa juu?" Wanapenda! Samaki anatweta, anatafuta pumzi juu kwa sababu chini ameikosa, mwenye tangi anaona mahaba. Nikajikaza. Mimi ni mtu mzima, nina heshima zangu. Nikauliza kwa upole unaofaa kuwekwa kwenye fremu: "Kaka, tangi umenunua lini?"

"Jumamosi."

"Na samaki?"

"Jumamosi hiyohiyo. Kwani wananunuliwa siku nyingine?"

Naam, siku nyingine. Mwezi mwingine kabisa. Na hili ndilo neno langu ambalo kila nikilitoa watu wananuna: asiyeweza kukaa mwezi mzima na tangi tupu, maji yamo, chujio linazunguka, samaki hakuna, huyo asipewe samaki. Apewe kalenda yenye picha ya samaki.

"Mzee, mwezi mzima natazama maji?"

"Hutazami tu. Unalisha."

"Nalisha nani?"

"Bakteria."

"Wako wapi?"

"Bado hawajafika."

Akanyamaza kidogo. "Yaani niwapikie wageni ambao hawajafika, wakifika siwaoni?"

Hapo kaelewa vizuri kuliko wengi. Samaki hutoa amonia mchana na usiku, nyingi yake kupitia matamvua, na chakula kinachobaki kikioza kinaongeza nyingine. Kuna bakteria wanaoila amonia wakaacha nitriti, na wengine wanaoila nitriti wakaacha nitrati. Amonia huunguza matamvua. Nitriti huingia kwenye damu ikaigeuza kahawia isiweze kubeba oksijeni, samaki akakosa pumzi katikati ya maji yenye oksijeni tele. Nitrati ndiyo yenye unafuu: unabadilisha maji robo au nusu kila wiki, inabaki chini ya miligramu 40 kwa lita, na mwenye bidii anaishusha chini ya 20. Sasa hao bakteria wanakaa kwenye sponji ya chujio, kwenye changarawe, kwenye vioo. Kwenye maji yenyewe ni wachache. Tangi la Jumamosi halina hata mmoja wa maana.

"Na hiyo amonia naipata wapi?"

Amonia ya maji, isiyo na sabuni wala manukato. Tikisa chupa: povu likikaa, irudishe ilikotoka. Au chumvi ya amoniamu kloridi, gramu 0.6 kwa lita 100, inakupa karibu miligramu 2 kwa lita, kiasi kinachotosha. Hita iweke nyuzi 27 au 28, chujio lisizimwe hata usiku, na maji yawe yameshaondolewa klorini.

"Kwa hiyo natia sumu kwenye tangi langu, kwa mkono wangu."

"Naam."

"Na samaki sina."

"Huna."

"Mke wangu akiuliza nafanya nini nimwambie nini?"

"Mwambie unafuga."

Nikampa ratiba yote, nikijua hataifuata. Siku ya pili utapima, amonia iko palepale. Siku ya tano palepale. Utaanza kukilaumu kipimo, utanipigia simu, nami nitakwambia subiri. Wiki ya pili hivi amonia itaanza kushuka, utafurahi, kisha utapima nitriti na rangi itakuwa imepita ile ya mwisho kwenye karatasi ya kipimo. Utanipigia tena. Subiri. Unaongeza amonia kila inapoisha, usipitishe miligramu 2 au 3, maana ikizidi sana nayo huwachelewesha. Mambo yakisimama kabisa, pima pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji: ikiwa imeanguka chini ya 6, bakteria wamelala, badilisha nusu ya maji, wataamka. Siku utakayotia miligramu 2 jioni, kesho yake jioni amonia sifuri na nitriti sifuri, tangi limeiva. Badilisha maji mengi kuiondoa nitrati iliyolundikana, ndipo ukatafute samaki. Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6. Ukipata sponji chafu kutoka tangi la mtu ambaye samaki wake ni wazima, safari inafupika sana, na sijawahi kuelewa kwa nini watu wanaona haya kuomba uchafu.

Kaka akasikiliza yote hayo kwa adabu. Akasema, "Si nitangulize samaki mmoja wa majaribio? Yule mgumu mgumu?"

Heshima zangu zikaanza kuondoka moja moja. Wa majaribio! Mgumu! Samaki anaitwa mgumu kwa kuwa anachukua siku nyingi zaidi kufa, basi hilo nalo limekuwa cheti cha kumtanguliza kwenye amonia. Anayepona hatoki vilevile. Matamvua yaliyoungua yanabaki na makovu. Samaki akilia machozi huenda na maji, na watu wameitumia sana nafasi hiyo.

"Sawa mzee, lakini hawa 12 ninao tayari. Niwafanyeje?"

Swali zuri, la kwanza siku nzima. Badilisha nusu ya maji leo, maji mapya yawe yametiwa dawa ya kuondoa klorini na joto lilingane na la tangi. Usiwalishe siku 2, samaki mzima hafi kwa hilo. Pima kila siku, na amonia na nitriti zikijumlishwa zikipita miligramu 0.5 kwa lita, badilisha tena, hata kama ni kila siku. Chumvi ya kawaida gramu 1 kwa lita 10 husaidia kwenye nitriti, kwa sababu kloridi iliyomo kwenye chumvi inagombania nayo mlango uleule wa kuingilia kwenye matamvua. Chujio liyatikise maji juu, maana oksijeni huingilia pale juu maji yanapovurugika. Mapovu yenyewe hayatoi kitu kikubwa, kazi yao ni kuuvuruga uso wa maji. Na kubwa kuliko yote, sponji usiiguse.

"Sponji?" akasema. "Nimeshaiosha jana. Kwa sabuni. Inanukia vizuri kabisa. Na maji nimebadilisha yote, nimeweka ya bomba, mabichi."

Jamani.

Nikakaa. Yaani mtu huyu, kwa nia njema, kwa upendo, kawaua bakteria wachache waliokuwa wameanza kujitokeza, akawafukiza waliobaki kwa klorini, akawatia samaki kwenye maji yenye pH nyingine na joto jingine, kisha kaniuliza mbona wanakaa juu. Nikasema mambo ambayo sitayarudia hapa. Sponji huoshwa kwa maji yaliyotolewa ndani ya tangi lenyewe: unachota ndoo siku ya kubadilisha maji, unaikamua humo mara 3 au 4, inatoka bado chafu, unairudisha ikiwa chafu, unaondoka. Ikitoka nyeupe umeiharibu. Na usafi wenu wa kulaza maji kwenye ndoo usiku kucha unaondoa klorini peke yake. Mitambo mingine ya maji siku hizi hutumia kloramini, na hiyo haitoki kwa kulala. Dawa yenye sodiamu thayosalfeti inachukua sekunde. Halafu ikivunja kloramini inaachia amonia kidogo, ambayo mwenye tangi lililoiva haimsumbui, na mwenye tangi la Jumamosi, basi tena.

Nimempa kaka sponji chafu. Akainusa, uso ukamkunjamana. Aende salama.

Na maadamu nimeshakasirika, niyaseme na mengine.

Bakuli la mviringo ni la maua. Bakuli lisilo na chujio ni choo ambacho mtu analala humo, anakula humo, anaoga humo, na wageni wanaletwa kumtazama. Jiji la Roma lilipiga marufuku kumweka samaki humo mwaka 2005, na hakuna aliyedhurika isipokuwa wauza mabakuli. Goldifishi wa kawaida anafika sentimita 20 na zaidi, anaishi miaka 10 hadi 20 akitunzwa. Hadithi kwamba samaki hukua kulingana na tangi lake nayo mniondolee: anadumaa kwa maji mabaya, uti wa mgongo unapinda, anakufa mdogo, watu wanasema alikuwa wa aina fupi.

Hakuna samaki wa kusafisha tangi. Yule pleko mnayemnunua akiwa na sentimita 5 atafika 30 na kuendelea, mavi yake ni nyuzi ndefu zinazoelea tangi zima, na mavi ya wenzake hayali. Mliajiri mfagizi, mkapata mpangaji.

Beta, samaki mdogo wa mapezi marefu, anavumilia kikombe kwa sababu anaweza kuvuta hewa juu ya maji. Kuvumilia kwake si ruhusa yenu. Lita 20, hita nyuzi 25 hadi 27, chujio la mkondo mdogo lisimburute mapezi.

Ile hesabu ya sentimita 1 ya samaki kwa lita 1 ya maji imeua wengi kuliko magonjwa. Kwa hesabu hiyo tetra 10 wa sentimita 3 ni sawa na oska mmoja wa sentimita 30. Umewahi kumwona oska akila? Lita 30 kwa oska hazimtoshi hata kugeuka.

Tangi dogo si la anayeanza. Lita 20 zinaharibika kwa asubuhi moja, samaki mmoja akifa nyuma ya jiwe umekwisha. Lita 100 zinakupa muda wa kuona kosa na kulirekebisha. Anayeng'ang'ania dogo amtafute Neolamprologus multifasciatus wa Ziwa Tanganyika, asiyefika sentimita 5, anayeishi ndani ya maganda matupu ya konokono. Mchanga laini, maganda mengi kuliko samaki, maji magumu, yaani ya madini mengi, yenye pH ya 8 na ushee, lita 60, na hapo una kijiji kizima chenye ugomvi wa mipaka kila siku. Ila hata hao wanasubiri mwezi wao, msinitafute.

Samaki aliyesafiri siku nzima kwenye mfuko, acheni kumdondoshea maji tone kwa tone saa 2. Humo mfukoni kaboni dioksidi yake imeishusha pH, na pH ikiwa chini amonia haina makali. Ukifungua, gesi inatoka, pH inapanda, na ikipanda kutoka 7 hadi 8 ile sehemu ya amonia yenye sumu inaongezeka karibu mara 10. Elea mfuko ukiwa umefungwa dakika 15 joto lilingane, fungua, mwopoe kwa wavu, mtie kwenye tangi la karantini la wiki 4 ambalo pH yake uliiandaa mapema. Maji ya mfuko mwaga. Nani alisema ustaarabu ni kuchelewesha?

Hili sasa litanigombanisha na watu wema: samaki wa porini si dhambi moja kwa moja. Kardinali tetra wengi hutoka mto Rio Negro, Brazili, wakivuliwa kwa mitumbwi na nyavu ndogo, na kiangazi maji yakishuka wengi wao hufa tu kwenye madimbwi. Mvuvi anayeishi kwa samaki hao ana sababu ya kuutaka msitu usimame. Mnaowasifu wa kufugwa, mmeshauliza ni wangapi walichomwa sindano za rangi wakauzwa kama wa aina mpya?

Na samaki asiyepona asiachwe wiki 3 akielea upande eti tunamwombea. Mafuta ya karafuu, mililita 0.4 kwa lita, yatikise kwanza kwenye kichupa cha maji ya uvuguvugu yachanganyike, maana mafuta na maji hayaelewani, kisha mimina kidogo kidogo kwenye chombo alimo. Atalala. Matamvua yakisimama, subiri dakika 30 zaidi. Chooni asitupwe akiwa hai, na mtoni asiachiwe hata mzima, kwa huruma yoyote ile: mto una wenyewe, na magonjwa ya tangi hawayajui.

Sasa ameingia mwingine, anauliza habari ya konokono. Wamejaa. Walikuja na mimea, wametaga, hajui afanyeje. Konokono wanalingana na chakula unachomwaga, mama. Lisha kinacholiwa ndani ya dakika 2, watapungua wenyewe. Hataki. Kashauriwa anunue klauni lochi, samaki wanaokula konokono. Wanakula kweli. Wanataka pia kuwa kundi, 5 au 6, wanafika sentimita 25 na kupita, na wanaishi miaka zaidi ya 20. Kanunua 6. Lita 60. Konokono waliisha siku ya nne, na sasa ananiuliza hao lochi nao wanaliwa na nini.