Nta Haifuniki Ganda la Chungwa

Jumapili iliyopita shemeji yangu, mtu ninayempenda na asiye na nia mbaya hata kidogo, aliikuta Datsun 240Z yangu, gari dogo la plastiki la kuunda kwa mkono, mezani ikiwa imefifia. Akatoka hadi kwenye gari lake, akarudi na dawa ya kung'arisha dashibodi, akaipulizia na kuipangusa kwa leso. "Umeona? Dakika mbili tu!" Nilikuwa jikoni nikichuja chai. Kazi ya wiki tano ilikuwa imelowa silikoni.

Ilififia kwa sababu nilikuwa nimetoka kuipiga msasa. Ndivyo inavyotakiwa kuwa katika hatua hiyo.

Simlaumu sana. Kinachoniuma ni imani ninayoisikia hata kwa sisi tunaounda magari haya, kwamba mng'ao hutoka kwenye chupa. Nta hulinda mng'ao ambao tayari upo. Rangi ikitoka na ganda la chungwa, yaani vinundu vidogo kama vya ganda la tunda hilo, ukaipaka nta, umepata ganda la chungwa linalometameta. Halafu fikirieni kipimo: gari la 1/24 limepunguzwa mara 24, kwa hiyo punje ya vumbi ya milimita 0.1 iliyonasa kwenye boneti ni sawa na uvimbe wa milimita 2.4 kwenye gari la kweli. Huo ni mkubwa kuliko punje ya wimbi! Nani angelipokea gari lake kutoka gereji likiwa hivyo?

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi wa rangi za magari kule Kirinyaga Road, Nairobi. Alinishika kiganja, akakilegeza, akasema, "Maji, kijana. Usikandamize." Msasa namba 2000, maji na tone la sabuni, kisha 3000, kisha zile laini za kitambaa mpaka 12000. Mikwaruzo ya namba moja ifutike yote kabla hujashika inayofuata. Hapo ndipo kompaundi, ile dawa nzito ya kusugulia rangi, huingia, na nta huja mwisho kabisa. Kingo msiziguse. Rangi ikiwa mbichi hukimbia kingo, kwa hiyo hapo ni nyembamba mno, na mikono miwili mitatu ya msasa inafika kwenye plastiki. Mimi huzifunika kwa utepe tangu nilipochubua ukingo wa mlango mwaka jana.

Na subirini ikauke. Inuseni; ikinukia thina bado, iacheni, hasa baridi hii ya Julai.

Kuna wanaosema gari la mashindano ya Safari Rally, kama hili ninaloliunda, halihitaji haya yote, kwani lilimaliza likiwa tope tupu. Sawa, 240Z iliyoshinda mwaka 1971 haikufika mwisho ikiwa safi. Lakini ilianza safi, nyekundu na boneti nyeusi, na vumbi la kuigiza likikaa juu ya rangi yenye vinundu huonekana uchafu tu, si safari.

Sasa paa la Datsun yangu lilihitaji kliya nyingine, ile rangi angavu ya juu, na kliya haishiki juu ya silikoni: hujikunja na kuacha vishimo kama macho ya samaki. Nimeiosha mara tatu kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Kesho nitapuliza kidogo chini ya bampa ya nyuma, mahali pasipoonekana. Ikitulia, naendelea na paa. Ikijikunja, naivua rangi yote mpaka plastiki.