Tanuri la Shemeji Limekataa Kuzima

Ukiwa fundi wa meko hapa Nakuru, watu huamini unajua kila kitu kinachotoa moto. Wa kibanda cha nyama choma ataniita, jirani ataniletea pasi, na kuna mzee wa kanisa aliyetaka nimwangalizie pikipiki eti kwa sababu inapata joto. Hayo nimeyazoea. Nisichozoea ni simu ya saa tisa usiku kutoka Marekani.

Shemeji yangu, mume wa dada, anaishi Minnesota. Majira yao ya baridi sisi tuko mbele kwa saa 9, kwa hiyo yeye akifika nyumbani jioni na kuvua buti, mimi niko katikati ya usingizi. Krismasi hapigi. Mama akilazwa hapigi, anatuma kile kidole gumba cha manjano. Lakini kitu kikigoma kwake, ghafla mimi ni "shemeji wangu wa damu", kana kwamba kuna shemeji wa damu.

"Shemeji, hii nyumba inatuua kwa joto! Tanuri limekataa kuzima. Sasa hivi tuko tisini!"

Tanuri ni lile jiko kubwa la gesi linalopasha nyumba yao nzima joto, feni ikisambaza hewa ya moto. Lakini tisini! Nikaketi kitandani. Hapa kwetu, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye 94. Nikaona familia ya dada yangu imebakisha nyuzi nne tu iwe mchuzi. Kumbe Wamarekani wanapima kwa Farenhaiti. Tisini yao ni 32 yetu, yaani mchana wa kawaida Kisumu, ambapo watu wanakula samaki na hakuna anayemwamsha mtu.

Akawasha video. Amevaa vesti, jasho linamtiririka, dirisha liko wazi na nyuma yake theluji imelala hadi kwenye ua. Dada anajipepea na kifuniko cha sufuria. Mimi huku nimevaa koti ndani ya blanketi, maana upepo ukishuka kutoka Menengai, nyumba zetu za mawe za kupanga hazina habari na mtu. Na gesi yao inakuja kwa bomba mpaka ndani, inapimwa kwa mita. Haiwaishii wali ukiwa nusu, wakaanza kutikisa mtungi na kuulaza kwa ubavu.

"Si umwite fundi wa huko?"

"Shemeji, fundi wa huku anachaji kwa kubisha hodi tu. Hajafungua hata mkoba."

"Na mimi?"

Akacheka. Nataka mlione hilo, alicheka.

Basi nikamuuliza la kwanza, kuna harufu ya gesi? Kama ipo, asiguse swichi yoyote, atoe watu nje na apige simu akiwa huko nje, tena asinipigie mimi. Hakuna. Haya, kinachokataa kuzima ni moto au ni feni? Watu huchanganya hivi viwili. Feni ikiachwa kwenye mpangilio wa kuvuma muda wote, itavuma hata moto ukiwa umezima. Na filta ikiziba vumbi, tanuri hupata joto kupita kiasi, swichi ya usalama inakata moto, feni inabaki ikipuliza kupoza chuma. Nikamtuma huko chini linakokaa tanuri, achungulie kidirishani.

"Naona miali ya buluu, imejipanga."

Moto wenyewe, basi. Thamostati, kile kidude cha ukutani cha kupangia joto, ameishusha? Ameishusha mpaka mwisho. Nikamwambia aing'oe ukutani. Alinitazama kama nimemwambia amng'oe mtoto jino. Ile kitu ni swichi tu. Inaunganisha nyaya nyembamba za volti 24, kwa kawaida nyekundu na nyeupe, na zikigusana tanuri linaamriwa kuwaka. Akaing'oa. Akashuka. Moto bado unawaka.

Hapo hata mimi usingizi ulinitoka. Amri inatolewa na aliyetoa amri ametolewa ukutani! Ama vali ya gesi imekwama ikiwa wazi, na hilo si jambo la kutengenezwa kwa simu, unafunga gesi kwenye bomba na unamlipa huyo wa kubisha hodi. Ama nyaya zinagusana mahali fulani njiani.

"Fungua kifuniko cha tanuri."

Akafungua, mara nikasikia vigelegele. "Limezima! Shemeji, wewe ni noma! Mama watoto, limezima!"

Halijatengenezwa, baba. Nyuma ya kile kifuniko kuna kitufe, ukitoa kifuniko umeme unakatika ili usikatwe vidole na feni. Akirudisha kifuniko, moto unarudi. Alirudisha. Ukarudi. Vigelegele vikaisha.

Ndani ya kifuniko kumebandikwa mchoro wa nyaya. Akanitumia picha ukungu mtupu, akatuma nyingine ya kidole chake, hatimaye akatuma inayosomeka, bando langu likilia. Nikamwambia azime swichi kuu ya tanuri, achomoe ule waya wa amri pale kwenye bodi, afunge kifuniko, awashe tena. Kimya. Basi vali ni nzima. Shida iko ukutani, kati ya thamostati na tanuri.

"Kuna mtu amepigilia kitu ukutani juzi?"

Shemeji akamgeukia dada. Dada akaacha kujipepea.

Ilikuwa picha ya Mama, ile kubwa ya fremu ya dhahabu. Dada yangu amelelewa kwenye kuta za mawe, ambazo msumari usipokuwa wa inchi nne unarudi na kukupiga usoni. Kuta za huko ni fremu za mbao zilizofunikwa jasi, katikati ni uwazi, na nyaya zinapita humo. Msumari wa dada ulitoboa waya na kuzishika nyekundu na nyeupe pamoja. Yaani ni Mama aliyekuwa akiamuru tanuri liwake, usiku na mchana, akitabasamu ndani ya fremu.

Shemeji alifurahi kupita kiasi. "Nilijua! Nilijua tu ni mama mkwe!" Dada akamtazama, akafunga dirisha polepole.

Nikamwambia asiridhike na kung'oa msumari, ule waya umejeruhiwa, apitishe mwingine mpya. Akasema sawa, akasema Mungu anibariki, akakata simu kabla sijataja habari ya ada. Mpaka sasa nimelipwa kidole gumba.

Yangeishia hapo kama Mama asingewapigia video na kukuta ukuta mtupu. Akauliza picha yake iko wapi. Shemeji, mwanamume mzima mwenye ndevu, akamjibu kwamba fundi ndiye aliyeshauri itolewe kwa sababu ilikuwa inaleta joto nyumbani.

Jumapili nilipita Njoro kumsalimia. Ng'ombe wake anakamwa asubuhi na jioni, lakini mimi niliwekewa chai ya rangi.