Menage si mchezo wa mzaha

Watu wa Glasgow, Uskoti, wana kejeli yao kwa waziri aliyevuruga bajeti au kocha anayefungwa kila Jumamosi: "Huyo hata menage hawezi kuiendesha." Neno ni la Kifaransa, ila Mfaransa akilisikia hapo atabaki ameduwaa. Kwake ménage ni nyumba na waliomo. Ni kaya ile ya kwenye fomu za sensa. Ni usafi wa ndani, na anayelipwa kuufanya huitwa femme de ménage. Ni mke na mume pia, na wakigombana hadi majirani wakasikia, hiyo ni scène de ménage. Nje ya Ufaransa wengi wanalijua kupitia ménage à trois tu, yaani mapenzi ya watu watatu, maana umbea husafiri haraka kuliko ufagio.

Waskoti walilipa kazi nyingine. Wao wamezoea kuokota vya jikoni kutoka Kifaransa: sahani kubwa ya kuandalia wanaiita ashet, kutoka assiette, na paja la kondoo ni gigot. Menage wakaitamka kama "menoji", nayo kwao ni mchezo. Naam, mchezo huu huu wetu wa kuchanga na kupokezana, ambao Mkenya angeuhesabu kati ya shughuli za chama, Mkongo akauita likelemba na Mnyarwanda ikimina. Katika majengo ya ghorofa ya wafanyakazi wa Glasgow, ambako mishahara ya viwandani na ya karakana za meli za Mto Clyde ililipwa kwa wiki, wanawake walimkabidhi mwenzao mmoja kiasi kilekile kila wiki. Walipiga kura ya zamu, na kila wiki mmoja akaondoka na fungu zima. Hela ya viatu vya watoto au ya shuka mpya ilipatikana hivyo.

Sasa hiyo kejeli ndiyo inayoniudhi. Inachukulia kwamba kuendesha menage ni kazi ya mwisho kwa urahisi, na ukiishindwa basi wewe si wa kupewa hata funguo za stoo. Mwenye kusema hivyo hajawahi kuwa kijumbe, yule anayekusanya michango na kupanga zamu.

Chukua mchezo wa watu 10, kila mmoja shilingi 10,000 kwa wiki. Wa kwanza anapokea 100,000 akiwa ametoa 10,000 tu, kwa hiyo wenzake wamemkopesha 90,000. Wa mwisho ametoa 90,000 kabla ya kuiona zamu yake, na kwa wiki zote hizo amekuwa benki ya wengine bila riba hata senti. Duara ni moja, lakini ndani yake kuna wakopaji na wakopeshaji, na kinachowatenganisha ni namba ya zamu tu. Anayepanga zamu anagawa mikopo, hata kama amekaa kwenye kigoda akimenya vitunguu.

Kijumbe mzuri anajua nani ana ada ya shule mwezi Januari, nani ana harusi, na nani mume wake akijua siku ya kupokea, hela haitafika nyumbani. Mgeni wa mtaa hamweki mwanzoni, maana akishapokea akaingia mitini, deni litamrudia yeye kijumbe. Hamkatalii kwa maneno makali pia, kwa sababu kesho watakutana msibani. Na ombi la kubadilishana zamu likija usiku, lazima apime kama ni shida au ni janja. Benki ina kitengo kizima cha kazi hiyo, chenye kiyoyozi.

Sisemi mchezo hauna kasoro. Bei zikipanda katikati ya duara, wa mwisho anapokea hela ileile yenye nguvu pungufu. Wapo vijumbe waliokula fedha za wenzao wakahama mji. Lakini wanaoshindwa ni ushahidi kwamba kazi ni ngumu, si kwamba ni ya kipuuzi.

Tanzania ilipotunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya kijamii viliwekwa daraja la nne la watoa huduma hizo, na vikatakiwa kusajiliwa. Kwa vikoba vyenye mfuko, riba na mikopo ya miezi, nakubali usajili una faida. Ila mazungumzo ya "kuwafundisha akina mama usimamizi wa fedha" hunichosha. Semina inafunguliwa na meneja, na cheo chake chenyewe kina historia ya kuchekesha. Kiingereza kilikipata kitenzi chake, manage, kutoka Kiitaliano, maneggiare, kushika na kuongoza, hasa farasi. Baadaye ndipo ménage ya Kifaransa ikaingia ubavuni na kukiongezea maana ya kutunza mali kwa uangalifu. Kwa hiyo alianzia zizini, akajifunza matumizi kutoka nyumbani, na leo amerudi na projekta kuwaeleza wenye nyumba.

Ningependa semina moja ipangwe kinyume chake: kijumbe asimame mbele, na mameneja wakae na madaftari. Swali la kwanza liwe rahisi tu: una watu 10, wawili kati yao hawasemeshani, mmoja ana mgonjwa hospitali, na wote wanataka zamu ya kwanza. Panga.