Raha ya Hisabati Iko Kwenye "Kwa Nini"

Nikisema naipenda hisabati, wengi hudhani ninasifia kasi ya kupiga hesabu kichwani, na hapo hapo hunipa namba mbili ndefu nizizidishe. Kuzidisha ni kazi ambayo kikokotoo kinaimaliza kabla sijavuta pumzi, na sikionei wivu. Kinachonifurahisha ni kingine kabisa: kufika mahali nikajua kwamba jambo fulani ni kweli, nikajua na sababu yake, na sababu hiyo ikawa yangu.

Chukua jambo dogo. Jumlisha namba witiri kwa kufuatana. 1 na 3 ni 4. Ongeza 5, unapata 9. Ongeza 7, unapata 16. Ongeza 9, unapata 25. Kila unapotua, unatua kwenye mraba: 2 mara 2, 3 mara 3, 4 mara 4, 5 mara 5. Mwanafunzi anaweza kupewa hilo kama kanuni, akalinakili, akalikariri, akafaulu mtihani, na asionje chochote. Sasa chora nukta tisa, mistari mitatu yenye nukta tatu tatu. Ukitaka mraba huo ukue uwe wa nne kwa nne, utaongeza nukta tatu ubavuni, tatu juu, na moja ya kuziba kona. Jumla saba. Mraba unaofuata utadai nne, nne na moja, yaani tisa. Hakuna mraba utakaokataa utaratibu huo, hata uwe mkubwa kiasi gani, kwa kuwa kila mara unaongeza pande mbili zinazolingana na nukta moja ya kona, na hiyo ndiyo witiri inayofuata. Kwa hiyo namba witiri 100 za kwanza zikijumlishwa zinatoa 10,000, na wala sikuzijumlisha.

Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu.

Ila uthibitisho ninaoupenda kuliko wote ni wa Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki aliyeandika kama miaka 300 kabla ya Kristo. Unahusu namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Je, zina mwisho? Tuseme mtu anakuja na orodha, anaapa kwamba namba tasa zote zimo humo. Mwache azizidishe zote kwa pamoja, kisha aongeze 1. Namba anayoipata, ukiigawanya kwa yoyote iliyomo kwenye orodha yake, inabaki 1. Lakini kila namba nzima inayozidi 1 lazima igawanyike bila baki kwa namba tasa fulani. Basi ipo namba tasa ambayo orodha yake imeiacha. Akiiongeza, tunarudia hoja ile ile na orodha inapungukiwa tena. Namba tasa hazina mwisho.

Wengi wakisimulia hoja hii hukimbilia kusema kwamba namba mpya yenyewe ndiyo tasa. Mara nyingine ni kweli: 2 × 3 × 5 + 1 ni 31, nayo ni tasa. Lakini 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 + 1 ni 30,031, na hiyo ni 59 × 509. Si tasa, na bado hoja haikutikisika, maana 59 na 509 hazikuwemo kwenye orodha. Hapo ndipo ninapoipenda zaidi: inadai kidogo tu, kile hasa inachokihitaji, na kwa sababu hiyo haiangushwi.

Hoja hiyo imenifundisha jambo ambalo sikulipata kwenye somo lingine lolote. Katika masomo mengi ninaamini kwa sababu mwalimu amesema, au kitabu kimesema, na mara nyingi sina njia nyingine. Kwenye hisabati mwalimu akisema namba tasa hazina mwisho, ninaweza kufunga kitabu, nikakaa na karatasi, nikahakikisha mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Nikimaliza, ninalijua kwa uhakika ule ule aliokuwa nao Euclid. Cheo, umri wala lugha haviongezi uzito kwenye hoja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akionyesha mahali uthibitisho wa profesa ulipokatika, umekatika. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo ambayo somo linaweza kumpa mwanafunzi.

Ndiyo maana inaniuma kuona hisabati ikigeuzwa mashindano ya mbio. Maswali mengi, muda mfupi, na anayechelewa anaambiwa hana kipaji. Wanaoifanya kazi hii kwa kweli huenda polepole. Mwanahisabati Pierre de Fermat aliacha dai lake maarufu pembezoni mwa kitabu, yapata mwaka 1637: kwamba hakuna namba nzima chanya a, b na c zinazotimiza aⁿ + bⁿ = cⁿ pale n, ambayo ni namba nzima, inapozidi 2. Mwanahisabati Andrew Wiles alikutana nalo akiwa mtoto wa miaka 10, akaja kulishughulikia kwa miaka saba karibu kwa siri, akatangaza ushindi mwaka 1993, pengo likaonekana kwenye hoja, na mwaka 1994 akaliziba akisaidiwa na Richard Taylor. Maryam Mirzakhani, ambaye mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Nishani ya Fields, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za hisabati, alikuwa akitandaza makaratasi makubwa sakafuni na kuchora maumbo yale yale tena na tena, hata binti yake mdogo akadhani mama anachora picha tu. Kazi kama hiyo ingetoshea kwenye mtihani wa muda gani?

Ningepewa nafasi ya kubadili jambo moja tu darasani, ningeomba swali moja kwa wiki lisilo na alama, lisilo na haraka, ambalo jibu lake linajulikana tangu mwanzo na kinachotafutwa ni sababu tu.

Swali langu la siku hizi limetokana na mwanahisabati Goldbach, aliyemwandikia mwenzake Euler mwaka 1742. Dai lenyewe, kama tunavyolisema leo, ni kwamba kila namba shufwa inayozidi 2 ni jumla ya namba tasa mbili. Kompyuta zimelikagua hadi kupita 4 yenye sifuri 18 nyuma yake, na bado hakuna aliyelithibitisha. Mimi sijaribu kulithibitisha. Nilikuwa nahesabu tu njia. 88 ina njia nne: 5 + 83, 17 + 71, 29 + 59, 41 + 47. 92 nayo ina nne. Lakini 90, iliyo katikati yao, ina tisa! Nilizihesabu upya, zikawa tisa zile zile. Kisha nikaona kwamba 90 inagawanyika kwa 3, na hizo nyingine hazigawanyiki. Ukitoa kwenye 90 namba tasa yoyote inayozidi 3, kinachobaki hakiwezi kugawanyika kwa 3, kwa hiyo kizuizi hicho kimeondoka njiani. Kwenye 88 hali ni tofauti: toa 7, unabaki na 81, toa 13, unabaki na 75, toa 19, unabaki na 69. Zote zimenaswa na 3. Sasa nimeanza kuuliza 5 inafanya nini, na 7, na kama namba kama 210, inayogawanyika kwa 2, 3, 5 na 7 kwa pamoja, itakuwa na njia nyingi kuliko majirani zake wote. Karatasi iko mezani na nimefika 11 + 199.