Wapeni maskauti kambi yao

Jumapili, baada ya misa ya pili, nilisimama mbele ya ubao wa matangazo wa parokia moja hapa Lubumbashi kusoma programu ya vakanse, yaani likizo, ya kundi la skauti. Mpwa wangu yumo humo, na mama yake alinituma nimwangalizie tarehe. Julai: kupanga viti kwenye jubilei. Julai tena: kushika kamba siku ya ugeni. Harusi ya mtoto wa mfadhili, protokole, yaani kupokea na kupanga wageni. Uzinduzi wa jengo, protokole. Agosti: mazishi, ikihitajika. Chini kabisa ya karatasi, kwa herufi ndogo: kambi siku mbili, kama uwezo utapatikana.

Nimekasirika, na hasira haijapoa hadi leo.

Ninyi mnaoishi hapa mnajua ninachosema. Nenda kwenye sherehe yoyote kubwa ya mji huu utawaona, watoto wenye mashati ya kaki na fulari, ile skafu ya skauti, shingoni, wamepangwa bega kwa bega pembeni mwa barabara, kamba ya kuzuia watu mkononi. Ni katikati ya Julai, wakati baridi yetu inakata masikio, na mtoto amesimama na mikono mifupi tangu alfajiri. Mgeni anafika saa tano, anapunga mkono, anaingia ndani. Mtoto anabaki na kamba yake. Chakula anapata wageni wakishashiba, kama kimebaki. Mwaka jana nilimwona kijana mmoja amevua fulari akaizungushia kiganjani, kwa sababu watu walikuwa wanasukuma na katani ilikuwa inamchuna ngozi. Fulari ile alivishwa siku aliyotoa ahadi mbele ya Mungu na mbele ya wazazi wake.

Sasa najua nitakayojibiwa: skauti ni kutumikia. Ni kweli, na siwezi kulikataa, maana limo ndani ya ahadi yenyewe. Tena kuna utumishi ninaoupenda sana. Tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, nusu ya mji inaamkia makaburini. Asubuhi ni ya marehemu, mchana ni wa wazazi walio hai. Nimewaona maskauti pale makaburi ya Sapin na majembe na madumu ya maji, wakimpalilia kaburi mama mzee aliyekuja peke yake, ambaye asingeweza hata kuufikia msalaba wa mume wake kwa jinsi nyasi zilivyosimama. Walimuuliza jina la marehemu, wakasali naye, wakaenda kaburi la pili. Hapo mtoto anamjua anayemtumikia, anamwona usoni. Kundi likitaka kufanya kazi hiyo kila mwaka, mimi wa kwanza kuchangia majembe. Ila kumpanga mtoto barabarani ili mtu mkubwa apite vizuri ni jambo lingine, na tusilipake rangi ya ahadi.

Tarehe hiyo hiyo, 1 Agosti, mwaka 1907, Baden-Powell, Mwingereza aliyeanzisha skauti, alianza kambi yake ya kwanza kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, na vijana wapatao ishirini. Ikadumu siku nane. Aliwachanganya watoto wa shule za matajiri na watoto wa wafanyakazi, akawagawa katika vikosi vidogo, kila kikosi na kiongozi wake kijana, wakalala kwenye hema na kujipikia. Skauti nzima imetoka hapo. Kambi ndiyo iliyokuwepo kwanza, mengine yote yakaja baadaye, na leo sisi tunaiweka mwisho wa karatasi.

Na huko kuchanganya watoto, nani anakuhitaji kuliko sisi? Mtoto wa Golf, mtaa wa wenye pesa, na mtoto wa Katuba, mtaa wa watu wa kawaida, wanakutana wapi katika mji huu? Shule si moja, usafiri si mmoja, hata parokia mara nyingi si moja. Ndani ya hema, blanketi likiwa fupi, linavutwa na wote wawili.

Msimu uliopita kundi la upande mwingine wa mji lilinialika kulala nao kambini upande wa Kafubu, nje ya mji. Usiku baridi ilishuka hadi tukawa tunaona pumzi zetu kwenye mwanga wa tochi. Asubuhi niliamshwa na sauti ya binti mmoja, shefu, yaani kiongozi, wa kikosi chake, akigawa kazi: wewe maji, wewe kuni, ninyi wawili nyasi. Alilisema la nyasi mara ya pili kwa ukali. Mwezi wa nane pori letu limekauka, cheche moja inaweza kula mlima mzima, na yeye alilijua hilo vizuri. Walifyeka duara pana hadi udongo ukaonekana, wakachimba shimo, wakapanga mawe, ndoo ya maji ikawekwa pembeni kabla kiberiti hakijawashwa.

Kisha bukari, ugali wetu. Zamu ilikuwa ya mvulana anayetoka nyumba yenye mpishi, na ilionekana wazi hajawahi kushika mwiko. Unga ukafanya madonge. Binti yule hakumnyang'anya. Alimwambia, “Kandamiza kwenye ukingo wa sufuria, halafu geuza. Usiogope moshi,” akasimama karibu yake akingoja. Madonge hayakuisha yote. Tulikula hivyo hivyo na kapenta, dagaa wetu, na sombe, majani ya muhogo, na jioni mvulana akaomba apewe mwiko tena. Muda wote huo shefu mkubwa alikuwa ameketi mbali kidogo na kikombe chake cha chai, macho kwao, mdomo kimya. Kile kimya chake ni kazi ngumu, wazee wengi hatuiwezi.

Hilo ndilo ninalolitetea. Kwenye kamba mtoto anajifunza kusimama pale alipowekwa. Kule porini binti wa miaka 15 anabeba njaa ya wenzake, baridi yao, ugomvi wao wa usiku kuhusu nani analala karibu na mlango wa hema, na lazima aamue. Akikosea, chakula kinachelewa, na kesho anaanza mapema zaidi. Hakuna semina ya uongozi inayoweza kumpa hayo. Tunalia kila siku kwamba nchi haina viongozi, na watoto wanaotaka kujifunza kuongoza tunawapa kamba.

Tukitaka ushahidi wa hapa nyumbani, upo. Mazembe, ile timu ya mpira tunayoijazia uwanja pale Kamalondo, ilianzishwa mwaka 1939 na wamonaki Wabenedikto wa Saint-Boniface kwa ajili ya wanafunzi wao, na jina lake la kwanza lilikuwa Saint-Georges, mtakatifu msimamizi wa maskauti. Watu wazima waliwapa vijana kitu cha kwao, wakawaacha wakimbie nacho. Mwaka 1967 ikawa bingwa wa Afrika, na 1968 tena.

Kuhusu usalama, wazazi wana haki ya kuuliza, hasa wenye mabinti. Mashefu wa kike wawepo, hema za wasichana ziwe peke yake, mzazi apewe namba ya simu na ruhusa ya kuja saa yoyote bila taarifa. Kuhusu pesa, jibu langu ni fupi: jubilei ilipata.

Kinachonitisha zaidi ni ardhi. Toka nje ya mji kwa barabara yoyote, ya Kipushi, ya Likasi, ya Kasumbalesa, utaona uzio, kibao cha kampuni au kibao cha “parcelle à vendre”, kiwanja kinauzwa. Misitu ya miombo inarudi nyuma kila mwaka kwa sababu ya makala, yaani makaa, na makala hayo ni sisi tunayachoma kwenye mbabula, majiko yetu. Mtoto ambaye hajawahi kulala chini ya mti wa mutondo atautetea kwa sababu gani siku wakija kuukata? Kambi ya vakanse ni nafasi yake ya kuujua mti huo kwa jina, kusikia bundi, kujua maji ya mto yanatoka upande gani na nani anayachafua huko juu.

Kwa hiyo naomba, na ninaomba kwa moyo wote. Ninyi mashefu, wengi wenu mnajitolea bila franka hata moja na ninawaheshimu, kateni nusu ya protokole. Baba paroko akiuliza, mwambieni wazazi wamekataa, nasi tutasimama nanyi. Wiki ya pili ya Agosti iwe ya kambi, siku tano angalau, kabla pilikapilika za kununua madaftari na sare hazijaanza. Mzazi anayeweza atoe kilo tano za unga, asiyeweza aazime blanketi. Na ninyi wenye mashamba upande wa Kafubu au njia ya Kipushi, mlioyazungushia waya na hamlimi chochote wakati wa kiangazi, fungueni geti. Watafyeka, watazima moto wao kwa maji, watafukia mashimo yao kabla ya kuondoka.