Tangu Jana Hajala

Jumapili iliyopita, saa tatu usiku, mtoto wa jirani wa gorofa ya pili alinibishia mlango. Ana miaka tisa. Alikuwa amekumbatia katoni ya mafuta ya kupikia, na ndani yake, juu ya gazeti, amejikunyata sungura mweupe aitwaye Theluji. "Anti, Theluji hataki kula." Nikamuuliza tangu lini. "Tangu jana asubuhi." Baba yake alisimama nyuma yake kwenye ngazi na karoti mkononi, nzima, haina hata alama ya jino.

Nilimtoa Theluji nikamweka mapajani. Masikio yalikuwa baridi. Nilipoinamisha kichwa karibu na mdomo wake nikasikia meno yakisagana taratibu, sauti ndogo kama ya mtu aliyetafuna mchanga. Sungura akisaga meno kwa nguvu namna ile, anaumwa. Kwenye gazeti kulikuwa na punje nne za mavi, ndogo na kavu kama pilipili manga. Nne, tangu jana. Sungura mzima hutoa zaidi ya mia mbili kwa siku, kila moja ukubwa wa mbaazi.

Niliwapigia simu madaktari watatu. Wawili walisema wao hutibu mbwa na paka. Wa tatu alitueleza namna ya kumpa joto, akasema tumlete kukipambazuka. Theluji alikufa saa kumi alfajiri, mtoto akiwa amelala kwenye kochi langu na viatu miguuni. Asubuhi tulipokuwa tukishuka na ile katoni, mtu mmoja pale chini akamwambia mtoto, "Usilie, ni sungura tu. Baba atakununulia mwingine."

Hilo neno "tu" limenikaa kooni wiki nzima. Ndilo lililomuua Theluji. Aliyemuuza alimwona ni sungura tu, kwa hiyo hakueleza lolote. Aliyemuuzia baba dawa alimwona ni sungura tu, kwa hiyo hakuuliza lolote. Na nyumbani walingoja siku nzima kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba sungura hangojewi.

Nina haki ya kusema hivyo kwa sababu nami nilingoja. Huyu sungura wangu Karanga niliye naye sasa amefikisha mwaka wa sita, lakini kabla yake nilikuwa na mwingine, na huyo hakumaliza miezi minne. Nilimwona hajala jioni, nikasema labda amechoka, nitamtazama kesho. Kesho ilipofika alikuwa amekauka kwenye kona ya kibanda. Kwa hiyo nawaomba mnaofikiria kumnunulia mtoto sungura likizo hii mnisikilize katika jambo hili moja, hata kama mengine yote mtayasahau.

Sungura hawezi kutapika. Kila kinachoingia mdomoni lazima kipite mpaka mwisho, na kinachosukuma safari hiyo ni nyuzinyuzi za nyasi. Nyasi zikikosekana utumbo hupunguza mwendo. Kilichomo ndani hukauka, gesi hujaa, tumbo huuma. Kwa sababu linauma, anaacha kula, na kwa sababu hali chakula, utumbo unasimama kabisa. Mambo yakifika hapo hutahesabu tena siku, utahesabu saa. Sungura ambaye hajala wala kupata choo kwa saa kumi na mbili ni wa kukimbizwa kwa daktari, hata kama macho yanang'aa na bado anakutazama. Huyu ni mnyama ambaye porini huwindwa na kila mwenye kucha, na anayeonyesha udhaifu ndiye anayekamatwa kwanza. Anajikaza. Ukiona wazi kwamba anaumwa, ameumwa kitambo.

Ndiyo maana kila asubuhi, kabla sijaweka chai jikoni, nainama kwenye trei ya Karanga. Natazama punje. Zikiwa nyingi, kubwa, za rangi ya udongo mkavu, na ukizivunja unaona vipande vya nyasi ndani, siku imeanza vizuri. Zikianza kuwa ndogo, au zimeunganishwa na manyoya kama shanga kwenye uzi, naongeza nyasi na maji na sitoki nyumbani bila kujua ameanza kula. Nafanya hivyo miaka sita sasa na haichukui hata dakika mbili.

Sasa chakula chenyewe. Nairobi nzima inaamini sungura ni sukuma wiki na karoti. Sikatai, sungura wa shamba la nyanya yangu walikula sukuma na waliishi. Lakini walikula pia nyasi mchana kutwa, na kishona nguo, na kila jani tulilowang'olea kando ya mto. Wa kwenye gorofa hana mto. Anakula unachomletea, na ukimletea mabaki ya kabichi na sukuma kila siku, tumbo lake linaweza kujaa gesi. Karoti ina sukari nyingi. Kipande cha kidole mara moja kwa wiki kinamtosha, na majani ya juu ya karoti, ambayo mama mboga huyatupa, ndiyo bora kwake. Dania ni nzuri pia. Majani ya parachichi ni sumu, na mitaa yetu imejaa miparachichi, kwa hiyo waambieni watoto.

Lakini msingi ni nyasi kavu, lundo lenye ukubwa wa mwili wake mwenyewe kila siku, lisimwishie usiku wala mchana. Sehemu nane kati ya kumi za anachokula ziwe hizo. Zile punje za chakula za dukani ni kidogo tu, ujazo wa viganja vya mtoto. Na si tumbo peke yake linalohitaji nyasi. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, ya mbele kama milimita mbili kila wiki, na kinachoyasaga ni kule kutafuna nyasi kwa saa nyingi. Asipotafuna, magego ya nyuma huota ncha zinazokata ulimi na mashavu. Utamwona kidevu kimelowa mate, anakisogelea chakula, anakinusa, anaondoka. Watu husema anaringa.

Robota moja la nyasi kavu aina ya Boma Rhodes nililinunua mara ya mwisho kwa shilingi 350, na kwa sungura mmoja linanipitisha karibu miezi mitatu. Ni kweli linaacha vumbi ngazini na mlinzi wetu hulalamika. Ni kweli pia kwamba ukikaa bedsita huna pa kuliweka. Hayo nayakubali. Lakini mtu asiniambie ni ghali, maana sukuma ya kila siku kwa miezi hiyo mitatu inazidi hapo.

Nirudi kwenye dawa, kwa sababu hili ndilo linaloniwasha. Jumamosi mchana, baba yake yule mtoto aliona Theluji amepoa akaenda kwenye duka la dawa za mifugo. Akarudi na unga wa amoksisilini, akaambiwa auchanganye kwenye maji. Mtu alitaka kusaidia, siwezi kumlaumu baba. Lakini ndani ya utumbo wa sungura mna bakteria wanaomeng'enya zile nyasi. Bila wao hana chakula hata akila. Amoksisilini, ampisilini au penisilini ikipita mdomoni, inawaua hao wazuri na kuwaachia nafasi wabaya wanaotoa sumu. Kuku atapona kwa unga huohuo. Sungura anaweza kuhara na kufa kwa unga huo. Hali ni hiyohiyo kwa ile dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronili: usimpulizie sungura hata tone. Ukimwona anajikuna na masikio yana magamba ya kahawia, huo ni ukurutu wa utitiri, na unatibika kwa aivamektini, ila kipimo akupe daktari aliyempima uzito.

Najua swali linalofuata, kwa sababu naulizwa kila mara. Sungura nilimnunua shilingi 500, nimpeleke kwa daktari wa 2,000? Ndiyo. Bei ya sokoni haipimi maumivu ya mnyama uliyemfungia ndani ya nyumba yako. Kama hesabu hiyo inakushinda leo, na mwezi wa Januari hata mimi hunishinda, basi usimnunue leo. Atakungoja. Sungura wa nyumbani anayetunzwa vizuri huishi miaka minane hadi kumi na miwili. Huyo mtoto wa miaka tisa anaweza kumaliza shule ya upili na sungura bado yupo.

Na daktari mtafute kabla ya sungura. Mpigie, muulize waziwazi kama hutibu sungura, muulize nani hupokea simu usiku. Ukikosa kabisa pa kuanzia, kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, na kuna watu pale wanaowajua wanyama hawa. Usiku ule mimi nilianza kutafuta namba saa tatu na nusu, na nilikuwa nimechelewa.

Mengine ni mafupi. Usimwinue kwa masikio. Mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio, maana akirusha teke hewani anaweza kuvunja uti wake wa mgongo mwenyewe. Usimwogeshe, anajisafisha, na maji yanaweza kumtia mshtuko. Sakafu ya waya tupu inamchubua nyayo mpaka vidonda, weka ubao na nyasi. Baridi ya Julai anaivumilia akiwa pakavu. Jua la Februari kwenye balkoni ya mabati ndilo linaloua, kwa hiyo mgandishie chupa ya maji, uifunge kitambaa, alale kando yake. Na muuzaji akikuambia "hawa wote ni majike," mwonyeshe daktari, kwa sababu mimba ni siku thelathini na moja na jike anaweza kupandwa tena siku hiyohiyo aliyozaa.

Wauzaji wa barabarani nao. Theluji alitoshea kwenye kiganja changu. Kwa kumkadiria, umri wake haukuzidi wiki tano, na mtoto wa sungura hapaswi kuachishwa mama kabla ya wiki nane. Najua vijana wale wanatafuta unga kama sisi sote. Lakini kumwambia mteja "mpe nyasi" hakupunguzi hata shilingi.

Jumatano yule mtoto alikuja kukaa na Karanga. Alikaa sakafuni kimya, mgongo ukutani, mpaka Karanga akamsogelea mwenyewe. Baadaye akashtuka: "Anti, anakula mavi yake!" Karanga alikuwa ameinama akachukua kile kinyesi laini, cheusi, kilichoshikana kama kichala kidogo cha zabibu. Nikamweleza kwamba hicho si uchafu, ni chakula kinachopita mara ya pili, kina vitamini, na sungura asiyekila ana tatizo. Akatikisa kichwa, kisha akaniuliza kama Theluji alikuwa akikila. Nikamwambia sijui.

Baba yake alipokuja kumchukua alisimama mlangoni muda mrefu akiangalia lile lundo la nyasi. Akaniuliza linauzwa wapi. Nikamwambia anunue nyasi kwanza, atafute na daktari, na sungura tutazungumza mwezi ujao. Jana jioni nimekutana naye ngazini akipandisha robota, jasho linamtoka, na mtoto nyuma yake akiokota vinavyodondoka.

Sungura bado hawajanunua.