Mtoto ajilishe mwenyewe, sawa. Madini ya chuma yapitie wapi?

Wazazi wengi wachanga wa Mwanga, Ujiji na Kasulu, mkoani Kigoma, wameiona kwenye simu: mtoto wa miezi 6 kwenye kiti kirefu, mbele yake vipande vya mboga, hakuna kijiko wala uji. Aliyeueneza sana mtindo huu ni Gill Rapley wa Uingereza, aliyefanya kazi ya kuzitembelea familia zenye watoto wachanga. Anachosema ni kwamba mtoto aliyetimiza miezi 6 na anayeweza kukaa asipondewe chakula wala asilishwe. Awekewe vipande, na aamue mwenyewe ale nini na kiasi gani.

Bibi wa Ujiji hatashangaa kuona mtoto na kipande cha ndizi mkononi, maana ndivyo watoto walivyokuzwa siku zote. Kigeni hapa ni ile amri ya kukiondoa kijiko kabisa, na ugomvi wangu uko hapo.

Upande wa kujilisha una hoja nzito. Bado zipo nyumba ambako mtoto hulazwa mapajani, pua ikabanwa, uji ukamiminwa kwa kiganja. Uji unaweza kuingia kwenye mapafu, na mtoto hujifunza kukiogopa chakula. Anayejilisha hageuzwi pipa. Akishiba anageuza uso, na mambo yameisha. Tena anajifunza kutafuna mapema, wakati yule wa uji mwepesi hadi mwaka mzima mara nyingi hukataa chochote chenye chembe.

Hofu ya kukabwa na chakula imekuzwa kidogo. Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, kiliwafuatilia akina mama 206 na watoto wao, na waliojilisha hawakukabwa zaidi ya waliolishwa kwa kijiko. Lakini wazazi wa kundi la kujilisha walikuwa wamefundishwa vyakula vya kuepuka, na hata hivyo watoto wengi wa makundi yote mawili walipewa vyakula vya hatari. Kwetu orodha hiyo ina sura yake: muwa, mhindi wa kuchoma, karanga nzima, embe bichi, nyama ngumu, samaki mwenye miba, na tonge kubwa la ugali wa muhogo, ambalo hunata na haliyeyuki upesi. Kipande salama hupondeka ukikibana kati ya kidole gumba na cha shahada. Kiwe kirefu kama kidole cha mtu mzima, kwa sababu mtoto wa miezi 6 hushika kwa kiganja kizima na hula kile tu kinachochomoza nje ya ngumi. Vipande vidogo vingoje mpaka karibu miezi 9, atakapoweza kuokota kwa ncha za vidole.

Mtoto anayekohoa, macho yakijaa machozi na ulimi ukisukuma chakula nje, anajitetea, mwache. Anayekabwa hutulia kimya, hawezi kulia, midomo na ulimi hubadilika rangi. Huyo mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni kati ya mabega mara 5. Kisipotoka, mgeuze, msukume katikati ya kifua mara 5, kisha rudia huku mwenzako akitafuta usafiri. Akiwa chini ya mwaka usimminye tumbo, wala usichokonoe koo kwa kidole wakati kitu chenyewe hukioni.

Kinachonitia shaka zaidi ni msemo unaoandamana na mtindo huu, kwamba chakula kabla ya mwaka ni cha kuchezea tu kwa sababu maziwa yanatosha. Hayatoshi. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto huwa imepungua sana afikapo miezi 6, na mapema zaidi kama alizaliwa na uzito mdogo au mama alikuwa na upungufu wa damu. Makadirio ya Marekani ni miligramu 11 kwa siku kati ya miezi 7 na 12. Baba yake anahitaji 8. Lita nzima ya maziwa ya mama haina hata miligramu 1. Sasa tazama vinavyoshikika vizuri mkononi: ndizi, kiazi kitamu, boga, papai, parachichi. Hakuna kati ya hivyo kinachofikisha miligramu 1 kwenye gramu 100. Katika nchi nyingine pengo hilo huzibwa na nafaka za dukani zilizoongezwa chuma. Kigoma pengo linapanuliwa na malaria, na chai anayopewa mtoto pamoja na chakula huzuia hata kile kidogo kufyonzwa.

Dawa iko mwaloni, wanakoshushia samaki, Kibirizi au Katonga, ila dagaa mzima si chakula cha mtoto huyu. Chukua dagaa wa jua wasio na chumvi. Waloweke kidogo katika maji ya uvuguvugu, kisha waopoe kwa mkono. Ukimwaga maji na dagaa pamoja, mchanga wa kuanikia unarudi nao. Rudia mara 3. Toa vichwa na utumbo kama uchungu unakukera, waanike tena, wakaange bila mafuta kwa moto mdogo mpaka wavunjike kwa sauti, twanga, chekecha kwa chujio la chai. Unga ukibaki na chenga humkwaruza mtoto kooni naye akaukataa.

Unga huo hauli kwa mkono mtoto wa miezi 6, na hapo kijiko kinarudi mlango wa mbele. Au uufiche: ponda kiazi kitamu cha kuchemsha cha ukubwa wa ngumi, tia kijiko kimoja cha chakula cha unga wa dagaa na kijiko cha chai cha mawese, finyanga vidole. Vikiteleza mkononi, vigaragaze kwenye unga huohuo. Maharage yaliyolowekwa usiku na kuiva mpaka yapondeke yanafaa pia, na papai pembeni husaidia chuma chake kufyonzwa.

Kuna na gharama. Mtoto anayejilisha hudondosha chakula kingi. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu mwaka 2024, dagaa wa kuanguka mkekani hakuwa jambo la kuchekea. Na mkeka wenyewe haulingani na kiti kirefu: kuku wanapita, mchanga upo, kilichoanguka kinaokotwa na kurudi mdomoni. Mikono ya mtoto inaoshwa kwa sabuni kama ya mpishi, na kilichofika chini kinakwenda kwa kuku.

Gumu kuliko yote ni nani anayekaa naye. Mama akiwa shambani, mlezi mara nyingi ni dada wa miaka 8 au 9. Kumwachia huyo mtoto mwenye kipande mkononi ni kumpa mzigo usio wake. Mlo wa kujilisha uwe ule ambao mtu mzima ameketi hapo, akitazama, mtoto amekaa wima, hatambai na chakula mdomoni.

Kwa hiyo ningegawa hivi. Miezi 6 hadi 8, milo 2 au 3 kwa siku: kila mlo uanze na kipande mkononi, dakika 10 hivi akiwa na njaa, kisha kijiko cha chakula kizito kisichomwagika kikiinamishwa, kuanzia vijiko 2 au 3 vya chakula hadi nusu kikombe cha mililita 250. Akifunga mdomo, acha. Chakula chake kiwe kwenye bakuli lake. Kwenye sinia la wote hakuna atakayejua amekula kiasi gani. Kuanzia miezi 9, milo 3 au 4, mkono uongezewe nafasi na kijiko kipunguzwe. Asali ya Kibondo ingoje atimize mwaka.

Aliyezaliwa njiti, anayetoka kuugua malaria, au ambaye mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala, asiachiwe mkono peke yake. Huyo alishwe kwa subira, na aonwe kliniki kabla ya tarehe yake.